Seydou Keïta: Mpiga Picha wa Bamako na Jina Lililopotea

Jina la Seydou Keïta si geni miongoni mwa wapenzi wa sanaa ya upigaji picha duniani. Picha zake za watu wa Bamako, mji mkuu wa Mali, zimetundikwa katika makavazi makubwa ya Ulaya na Marekani, na wataalamu humtaja kama mmoja wa wapiga picha mahiri zaidi wa karne ya 20. Hata hivyo, kuna wakati ambapo picha zizo hizo zilionyeshwa mbele ya umma pasipo jina lake, ilhali mwenyewe alikuwa hai. Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ambaye amezoea kukutana na tungo kongwe zisizojulikana watunzi wao, maisha ya fundi huyu yana mafunzo yanayostahili kuzingatiwa.

Makuzi na mafunzo

Keïta alizaliwa mjini Bamako mnamo mwaka wa 1921 au karibu na hapo. Wakati huo nchi ya Mali ilikuwa koloni la Ufaransa na iliitwa Sudani ya Kifaransa. Jina la ukoo wake ni jina zito katika Afrika Magharibi, kwa kuwa ndilo la ukoo wa Sundiata, mwasisi wa milki ya Mali katika karne ya 13, ambaye sifa zake zimehifadhiwa na manju wa huko kwa vizazi vingi. Lakini Seydou mwenyewe hakuzaliwa katika ukwasi. Hakupelekwa shuleni. Akiwa bado mtoto, alitiwa katika kazi ya useremala, akajifunza kupima, kukata na kuunganisha mbao. Ufundi huo ndio uliomlisha kwa miaka mingi kabla ya kamera kuchukua mahali pa msumeno na randa.

Mwaka wa 1935, amu yake alirejea kutoka safari ya Senegali akiwa na kamera ndogo ya Kodak aina ya Brownie, akampa kijana huyo. Kamera za namna hiyo zilikuwa sahili mno: kisanduku chenye lenzi moja na mkanda wa picha chache tu. Mtu hakuhitaji elimu kubwa ili abonyeze kitufe. Kilichohitaji elimu ni kazi iliyofuata, yaani kuutoa mkanda gizani, kuusafisha kwa dawa na kuichapa picha kwenye karatasi. Mwanzoni Keïta hakuijua kazi hiyo. Aliwapiga picha jamaa zake na majirani, kisha akaipeleka mikanda yake kwa Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, aliyekuwa na duka mjini Bamako lililojulikana kama Photo-Hall Soudanais. Duka hilo liliuza kamera, mikanda, karatasi na dawa, na pia lilisafisha picha za wateja.

Kijana huyo hakuridhika kuutegemea mkono wa mtu mwingine. Alimwendea Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule ambaye alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanya kazi ya picha mjini humo, akajifunza kwake namna ya kusafisha mikanda na kuchapa. Mengine aliyapata kwa Garnier. Hivyo basi, mtu ambaye hakuwahi kuketi darasani alipata elimu yake katika chumba cha giza cha mwalimu. Ni utaratibu uleule ambao mafundi wa Afrika wameufuata tangu jadi, wakiwemo wahunzi, wachongaji na watunzi wa mashairi: mwanagenzi hukaa karibu na bingwa, akatazama, akakosea, akasahihishwa, hata naye akahitimu.

Studio ya Bamako-Koura

Mwaka wa 1948 Keïta alifungua studio yake katika kiwanja cha familia, mtaa wa Bamako-Koura. Mahali hapo palikuwa nyuma ya gereza kuu la mji na hapakuwa mbali na kituo cha garimoshi. Ujirani huo wa gereza haukumdhuru hata kidogo. Alitengeneza mhuri wa studio uliotaja jina lake pamoja na gereza hilo ili wateja wasipotee njia, akawa anaupiga kwenye picha zake. Ukaribu wa reli nao ulimfaa sana. Reli iliyotoka Dakar iliwaleta Bamako wafanyabiashara, watumishi wa serikali na wasafiri wa kila aina, na wengi wao walitaka kurudi makwao na kumbukumbu ya safari. Habari za mpiga picha huyo zikaenea hadi nchi jirani.

Kamera aliyoitegemea zaidi ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na iliyotumia negativu zenye ukubwa wa sentimita 13 kwa 18. Matumizi ya kamera ya namna hiyo yanadai subira. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kutazama kioo kilicho nyuma ya kamera, ambamo mtu aliyeketi mbele yake huonekana kichwa chini, miguu juu. Hupima umbali wa lenzi mpaka sura iwe bayana. Kisha hutia kishikizo chenye negativu mahali pa kioo, na tangu wakati huo hawezi tena kuona kile ambacho kamera inakiona. Hulazimika kumtazama mteja kwa macho yake mwenyewe, angojee hadi mwili utulie, ndipo aruhusu mwanga uingie.

Negativu za ukubwa huo zilikuwa ghali. Kwa sababu hiyo, Keïta alikuwa na desturi ya kupiga picha moja tu kwa kila mteja au kila mkao. Mpiga picha wa leo anayetumia simu huweza kupiga picha mia moja na kufuta tisini na tisa. Keïta alipaswa kuifanya kazi yote ya uteuzi kabla ya kufyatua. Ndiyo maana alitumia muda mrefu kumweka mteja sawa: kumgeuza upande kidogo ili asielekee kamera moja kwa moja, kuinua kidevu, kupanga vidole juu ya goti, kunyoosha mkunjo wa boubou ili urembo wa kitambaa uonekane wote. Baadhi ya kazi hizo huhitaji jicho la fundi wa mbao, ambaye hujua kwamba kipande kikishakatwa vibaya hakirudi.

Mara nyingi alifanya kazi uani, kwa mwanga wa jua. Nyuma ya mteja alitundika kitambaa chenye nakshi. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe, yenye matamvua. Baadaye alikuwa akibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Desturi hiyo, ambayo huenda ilisababishwa na uchakavu tu, ilikuja kuwa na manufaa ambayo hakuna aliyeyatarajia: miongo kadhaa baadaye, vitambaa hivyo ndivyo vilivyosaidia kukadiria mwaka ambao kila picha ilipigwa. Aidha, studio ilikuwa na vitu ambavyo wateja waliruhusiwa kuazima, kama vile suti za Kizungu, tai, kofia, saa za mkono, kalamu za wino, maua ya bandia, redio na pikipiki aina ya Vespa. Gari lake la Peugeot nalo linaonekana katika baadhi ya picha.

Umuhimu wa jambo hili hubainika zaidi likilinganishwa na picha zilizotangulia. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wa Kizungu kama Edmond Fortier wa Dakar walikuwa wameuza kadi za posta zenye sura za Waafrika. Katika kadi nyingi za namna hiyo mtu hakutajwa kwa jina, bali kwa kabila au kazi, kana kwamba ni kielelezo cha mti au mnyama fulani. Mteja wa Keïta alikuja kwa hiari yake na kulipa kwa fedha zake. Yeye ndiye aliyechagua nguo, ndiye aliyeamua ashike redio au amshike mwanawe, na ndiye aliyeondoka na picha mkononi. Studio za aina hiyo zilikuwapo pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka wa 1930, ni mfano mmojawapo. Humo, kama ilivyokuwa Bamako, watu walikwenda kujionyesha jinsi walivyotaka kuonekana.

Kazi ya chumba cha giza

Wengi wanaozisifu picha za Keïta huishia kwenye mkao na mavazi. Lakini nusu ya ufundi wake ilikuwa katika chumba cha giza, na bila nusu hiyo ile ya kwanza isingemfaa mtu yeyote.

Negativu ina utando mwembamba wa jelatini uliochanganywa na chumvi za fedha, yaani madini ya fedha. Mwanga ukiigusa, hakuna badiliko lolote linaloonekana kwa macho. Picha imekwisha kuingia, ila imejificha. Fundi huitoa gizani na kuizamisha katika dawa ya kwanza, ambayo huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa ikiwa moto mno, au fundi akichelewa, negativu hukolea kupita kiasi; akiitoa mapema, hubaki hafifu kama kivuli. Baada ya hapo hutiwa katika dawa nyingine, ambayo huondoa chumvi zisizoguswa na mwanga ili picha isiendelee kuungua itolewapo nje. Mwisho huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa mahali pasipo vumbi. Katika mji wenye joto kali na vumbi jingi kama Bamako, kila hatua kati ya hizo ilikuwa na hatari yake.

Negativu ikishakauka, ambamo weusi ni weupe na weupe ni weusi, ndipo picha yenyewe huchapwa. Keïta alizoea kuchapa kwa njia ya mgusano: negativu hulazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, vikabanwa kwa kioo, vikamulikwa kwa muda mfupi. Kwa njia hii picha haikuzwi hata kidogo. Negativu ya sentimita 13 kwa 18 huzaa picha ya sentimita 13 kwa 18. Faida yake ni kwamba hakuna kinachopotea njiani. Nyuzi za matamvua, chale za usoni, herufi zilizo kwenye uso wa saa, vyote hubaki. Karatasi nayo hupitishwa katika dawa zilezile, chini ya taa hafifu yenye rangi ambayo haiidhuru, na hapo fundi huiona sura ya mteja ikichipuka polepole kutoka katika weupe mtupu. Asipoiosha vya kutosha, mabaki ya dawa huigeuza picha kuwa manjano baada ya miaka. Uaminifu wa fundi katika hatua hii hauonekani siku ambayo mteja anachukua picha yake. Huonekana wakati wajukuu wa mteja wanapoifungua albamu.

Keïta alizihifadhi negativu zake kwa maelfu, ndani ya masanduku. Ilikuwa hekima ya kibiashara, kwa maana mteja angeweza kurudi na kuomba nakala nyingine. Pasipo kukusudia, alikuwa ameweka akiba ya kumbukumbu ya mji mzima.

Utumishi wa serikali na miaka ya kimya

Mali ilijipatia uhuru mwaka wa 1960. Muda mfupi baadaye, mnamo mwaka wa 1962, Keïta alichukuliwa na serikali mpya kuwa mpiga picha wake rasmi. Kwa mtu aliyekuwa na biashara iliyostawi, wito huo ulikuwa heshima na kafara kwa wakati mmoja. Hatimaye studio ya Bamako-Koura ilifungwa, na yeye akaitumikia serikali hadi alipostaafu mwaka wa 1977.

Katika kipindi hicho sanaa yenyewe ilikuwa ikibadilika. Kamera ndogo za mkanda wa milimita 35 pamoja na taa za kumulika zilimwezesha mpiga picha kutoka studioni na kuwafuata watu waliko. Malick Sidibé, kijana kuliko Keïta, alijipatia umaarufu mjini humo kwa kuwapiga picha vijana katika dansi zao na kando ya mto Niger. Sidibé alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka wa 2007, na alifariki mwaka wa 2016. Baadaye rangi nazo zikaingia, na kazi ya kusafisha picha ikahamia kwenye mashine. Mafundi wa chumba cha giza wakaanza kukosa kazi. Keïta aliyestaafu alijishughulisha na ufundi wa injini, kazi aliyoipenda sana, na negativu zake zikabaki masandukuni.

Jina lapotea, jina lapatikana

Mwaka wa 1991 kulifanyika jijini New York maonyesho ya sanaa ya Afrika ya karne ya 20 yaliyoitwa Africa Explores. Miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa zilikuwemo picha za watu wa Bamako, ambazo watazamaji walizistaajabia. Maelezo yake yalisema kwamba mpiga picha hajulikani. Negativu zilikuwa zimefika Marekani, lakini jina la mwenyewe lilikuwa limepotea njiani. Ikumbukwe kwamba mhuri wa studio ulipigwa kwenye picha ya karatasi, wala si kwenye negativu. Mteja wa Bamako aliyeihifadhi picha yake chumbani alijua ni nani aliyempiga. Jumba la maonyesho, likiwa na negativu, halikujua.

Mkusanyaji wa sanaa Jean Pigozzi alivutiwa na picha hizo, na André Magnin, aliyekuwa akimfanyia kazi ya kukusanya sanaa ya Afrika, akasafiri hadi Bamako kumtafuta aliyezipiga. Utafutaji haukuwa mgumu. Kilichokuwa siri New York kilijulikana na kila mtu aliyehusika na picha mjini Bamako. Keïta, akiwa mzee wa miaka sabini hivi, alifungua masanduku yake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka wa 1994 alifanyiwa maonyesho ya peke yake katika wakfu wa Cartier jijini Paris, na mwaka huohuo Bamako kwenyewe kukaanzishwa tamasha la upigaji picha wa Afrika, ambalo lilimpa heshima mbele ya watu wa nyumbani. Mwaka wa 1996 picha zake zilikuwemo katika maonyesho ya wapiga picha wa Afrika kwenye jumba la Guggenheim, New York. Alifariki jijini Paris mwezi wa Novemba mwaka wa 2001. Mwaka wa 2016 ukumbi wa Grand Palais wa jiji hilo uliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake.

Umaarufu huo haukukosa miiba. Picha zilizouzwa katika kumbi za Ulaya na Marekani zilichapwa upya na mafundi wa huko, nyingine zikiwa na urefu unaozidi mita moja, na weusi wake ukiwa mzito kuliko wa zile nakala ndogo zilizotoka mkononi mwa Keïta. Kuna wanaoshikilia kwamba ukubwa huo umeifunua sanaa iliyokuwemo katika negativu tangu mwanzo. Kuna wanaosema kwamba picha iliyotengenezwa ili ishikwe mkononi au itumwe kwa barua imegeuzwa kuwa kitu kingine. Aidha, baada ya kifo chake ulizuka mgogoro kuhusu umiliki wa negativu na uhalali wa nakala, nao ukafika mahakamani Ufaransa. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua mizozo hii mara moja. Utenzi uliohamishwa kutoka hati za Kiarabu hadi za Kilatini, ukahaririwa na kuchapishwa mbali na alikoishi mtunzi, huzua maswali yaleyale: ipi ndiyo kazi yenyewe, na ni nani mwenye idhini ya kuitoa upya?

Hitimisho

Maisha ya Seydou Keïta yanaonyesha jinsi jina la msanii linavyoweza kutenganishwa na kazi yake kwa urahisi, hata pasipo nia mbaya ya mtu yeyote. Lilitosha kwamba negativu isafiri bila mhuri. Keïta alibahatika kuwa hai wakati jina lake lilipotafutwa, akaweza kuitambua kazi yake mwenyewe. Watunzi wengi wa nyimbo na tenzi zetu hawakupata bahati hiyo, na mtafiti aliyewafuata alikuta kaburi.

Hata hivyo, kuna deni moja ambalo halijalipwa. Jina la mpiga picha limerudi, lakini majina ya wengi wa wale waliosimama mbele ya kamera yake hayajarudi. Mwanamke aliyejinyoosha juu ya shuka yenye nakshi, baba aliyempakata mtoto wake, kijana aliyevaa miwani na kushika ua: wanatazamwa leo na maelfu ya watu katika kumbi za kigeni, na chini yao imeandikwa tu kwamba picha haina anwani. Walikwenda Bamako-Koura na kulipa ili wajulikane. Katika familia za Bamako, na pengine katika nchi jirani ambako garimoshi liliwarudisha, huenda bado kuna wazee wanaoweza kuwataja mmoja mmoja. Kazi ya kuwauliza inafanana na kazi ya yeyote anayekusanya fasihi simulizi vijijini kwetu, nayo haina budi kufanywa kabla wazee hao hawajaondoka.